Samaki wa baharini naye apimwe kabla ya kupewa dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Kisasa, hapa hapa Dodoma. Wiki mbili zilizopita aliwashauri wanaofuga samaki wa mapambo kwamba samaki wa baharini akitokwa na vidonda au madoa, dawa yake ni kufungua kapsuli mbili za tetrasaiklini, kuzimwaga kwenye tangi na kusubiri. Simfahamu, na naamini aliandika kwa nia njema. Lakini ushauri ule utaua samaki wa watu. Ninasema hivyo kwa sababu nina samaki waliokufa kwa ushauri wa namna hiyo hiyo, na mkono uliomwaga dawa ulikuwa wangu.

Mimi ni mstaafu, mzaliwa wa Pangani. Kazi ilinileta Dodoma mwaka 1988, nikakaa kwenye benchi la maabara miaka 30 nikisoma slaidi za damu, choo na makohozi. Tangi lenyewe ni la mwanangu wa mwisho. Serikali ilipohamia huku alihamishwa na ofisi yake, akaja nalo: lita 300, na pampu zake, na taa zake, na mchanga wake wa matumbawe. Mwaka juzi akaenda masomoni nje ya nchi, akaniachia maelekezo ya ukurasa mmoja. Nilipokea kama mtu anayepokea kuku wa jirani, niwape chakula mpaka mwenyewe arudi. Mwezi haukuisha nikawa siwezi kulala kabla sijawahesabu.

Kulikuwa na kangaja mmoja wa bluu, mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni. Kwetu Pangani kangaja ni kitoweo, na sikujua kwamba samaki huyu anamtambua mtu anayemlisha na kumfuata kwenye kioo kutoka pembe hadi pembe. Walikuwepo wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wale ambao baharini hukaa katikati ya mikono yenye sumu ya kiumbe anayefanana na ua. Walikuwepo wadogo watatu wa kijani na kamba wawili wenye mstari mweupe mgongoni, wanaowasafisha wenzao.

Msiba wa kwanza ulianza nilipoongeza samaki wa tatu wa rangi ya chungwa kutoka duka moja la Dar es Salaam. Alikuja kwa treni, ndani ya mfuko wa hewa, nikamwachia moja kwa moja kwenye tangi bila kumtenga hata siku moja. Siku ya tano akaanza kuhema juu juu na ngozi yake ikafunikwa ute mweupe, kama mtu aliyemwagiwa uji mwepesi. Kesho yake wawili wa zamani nao wakawa hivyo. Nikapiga simu dukani. Nikaambiwa, mama, hao ni wadudu weupe, weka dawa ya shaba. Nikaweka, ndani ya tangi hilo hilo lenye kamba na mchanga. Kamba walikufa usiku ule, kwa sababu shaba ni sumu kwa kamba, kaa, konokono na matumbawe hata kwa kiasi kidogo kabisa. Wale watatu wa rangi ya chungwa wakafa ndani ya siku tatu, maana ugonjwa waliokuwa nao haukuwa ule wa nukta nyeupe aliodhani mwenye duka, na shaba haiutibu.

Ndugu Mhariri, hadubini ilikuwa kabatini, ile ambayo sisi wa maabara tumezoea kuiita darubini. Niliinunua kuukuu nilipostaafu, kwa sababu sikutaka kuachana nayo. Nilisomesha vijana wangapi kwamba homa si malaria? Nilipoanza kazi, mtoto akiletwa na joto alipewa klorokwini kabla slaidi haijakauka. Klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, lakini mazoea ya kutibu kwa kukisia yalibaki. Watu walitoka na dawa za malaria huku wana nimonia au homa ya matumbo. Nilipiga kelele miaka yote hiyo kwamba tupime kwanza. Halafu nyumbani kwangu, mbele ya samaki watatu wanaohema, nikatibu kwa simu.

Miezi minne baadaye, ilikuwa Juni, umeme ulikatika usiku. Wanaoishi Dodoma wanajua baridi ya Juni na upepo wake. Asubuhi maji ya tangi yalikuwa yameshuka hadi nyuzi 21 wakati kawaida yanakaa 25 au 26. Siku chache baadaye kangaja akajaa nukta nyeupe, kama amenyunyiziwa chumvi ya mezani kwenye mapezi na ubavuni, akawa anajisugua kwenye mawe. Safari hii sikumpigia mtu simu.

Nilimtoa kwa chombo, si kwa wavu, maana kangaja ana kisu kila upande wa shina la mkia na wavu humnasa ukamchana. Nilivaa glavu. Nilichukua kioo kidogo cha kufunikia slaidi, nikapitisha ukingo wake taratibu kwenye ngozi nyuma ya pezi la ubavuni, kutoka kichwani kuelekea mkiani, mara moja tu. Ute wa samaki ndio shuka lake. Ukiukwangua sana unakuwa umemtia kidonda kingine. Ule ute nikauweka kwenye tone la maji ya tangi lake mwenyewe. Hapa ndipo mtu wa maabara anaweza kukosea, kwa sababu mkono umezoea kuchukua maji yoyote yaliyo karibu. Maji ya bombani, yasiyo na chumvi ya bahari, huwapasua vimelea vya baharini, nawe utaandika hakuna kitu. Na usomaji ni wa papo hapo. Samaki akishakufa saa kadhaa, wengi wa wadudu hao wameshamhama.

Lenzi ya 10 ilitosha. Nikamwona, mviringo, mweusi katikati, mwili wote una vinyweleo, anajizungusha polepole mahali pamoja. Anaitwa Cryptocaryon irritans, ndiye mdudu wa ugonjwa wa nukta nyeupe. Watu wa hapa wakipewa majibu ya malaria husema, nimekutwa na wadudu wawili. Kangaja wangu alikuwa na wadudu wanane kwenye tone moja.

Nikatumia wiki nzima iliyofuata kusoma, na nikaelewa nilichokuwa nimefanya mara ya kwanza. Ute mweupe wa wale wa rangi ya chungwa ni dalili inayojulikana ya kimelea kingine, Brooklynella hostilis, ambaye kwenye hadubini ana umbo la figo na ni mdogo zaidi. Yeye hutibiwa kwa formalini kwenye chombo cha pembeni. Yupo wa tatu, Amyloodinium, anayemfanya samaki aonekane kama amepakwa vumbi la dhahabu au poda. Huyo hakimbii kwenye slaidi, amejishikiza kama kifuko cheusi, na anaweza kumaliza tangi zima ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi kupitia matamvua kabla hujaona kitu kwenye ngozi. Uronema huwapata sana wale wadogo wa kijani: kidonda chekundu ubavuni kama kimechomwa na sigara, na kimelea kimeshaingia hadi kwenye nyama, ndiyo maana dawa ya kumwaga majini inamfikia kwa shida. Wako pia minyoo bapa ambao juu ya samaki hawaonekani kabisa. Ukimtia samaki kwenye maji yasiyo na chumvi kwa dakika tano, yenye joto lile lile na yaliyorekebishwa uchachu wake kwa soda ya kuokea, minyoo hiyo hugeuka myeupe na kuanguka chini ya beseni kama ufuta. Wote hao, dukani, wanaitwa wadudu weupe.

Sasa nirudi kwa tetrasaiklini, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwanza, hiyo ni dawa ya bakteria, na hawa niliowataja si bakteria. Pili, hata pale ambapo kidonda ni cha bakteria kweli, tetrasaiklini ikiingia kwenye maji ya bahari hushikana na kalsiamu na magnesiamu iliyojaa humo, na sehemu kubwa haimfikii samaki. Ndiyo sababu hiyo hiyo mgonjwa anaambiwa asimeze dawa hii pamoja na maziwa. Tatu, kinachobaki kinaweza kuwaua bakteria wema wa kwenye kichujio, wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Hapo samaki mgonjwa anaongezewa sumu. Na maji hayo tunayamwaga mfereji wa nyuma ya nyumba, bakteria wa huko nao wanajifunza kuizoea dawa. Nimeona majibu ya usugu wa dawa kwa binadamu, sitaki kuyaongezea chanzo kingine sebuleni.

Lakini huyo ndugu anasema samaki wake walipona siku ya nne. Namwamini kabisa. Mdudu wa nukta nyeupe hukaa kwenye ngozi siku 3 hadi 7, kisha anadondoka mwenyewe, dawa iwepo isiwepo. Anakwenda chini, anajifunga ndani ya ganda kwenye mchanga na mawe, na humo anajigawa. Mara nyingi baada ya wiki moja hadi nne yanatoka makundi ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku moja au mbili wanakufa. Nukta zikipotea tunashangilia, kumbe wako chini wanaongezeka. Wimbi la pili ndilo linalozika. Na dawa yoyote, hata iliyo sahihi, humpata akiwa anaogelea tu. Akiwa ndani ya ngozi au ndani ya ganda haimfikii.

Shaba inafanya kazi kwa mdudu huyu, siikatai. Jirani yangu mkulima wa zabibu aliposikia nataka shaba aliniletea mrututu kwenye karatasi, wa kupulizia mizabibu. Nilimshukuru, nikaurudisha. Kipimo kinachotakiwa ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba huru kwa lita moja ya maji, kwenye chombo cha pembeni kisicho na mchanga wala mawe, kwa wiki mbili hadi nne. Ikishuka chini ya hapo mdudu anaishi, ikipanda samaki ndiye anayeumia. Na mchanga wa matumbawe huinyonya shaba, kwa hiyo bila kipimo cha kupima shaba kila siku mtu anakuwa anabahatisha. Mimi sikuwa nacho.

Nilichokuwa nacho ni jua la Dodoma. Kuna njia ya kuwahamisha samaki kila baada ya saa 72. Nilinunua madiaba mawili ya lita 60 soko la Majengo, nikachanganya maji ya chumvi ya bahari, gramu 35 kwa lita, nikaweka kifaa cha kupasha joto, mpira wa hewa na kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia. Kangaja na wale watatu wa kijani nikawaweka diaba la kwanza. Siku ya nne asubuhi nikawahamishia la pili, la kwanza nikalisugua na kulianika uani mpaka likakauka kabisa. Siku ya saba wakarudi la kwanza, siku ya kumi la pili, siku ya kumi na tatu wakatoka. Mdudu anayedondoka anaachwa nyuma kila safari, na akikauka hafufuki. Pwani, kwa unyevu wa kule, kukausha ni kazi. Hapa Ipagala, saa tatu za jua na upepo, diaba linalia kama ngoma.

Tangi kubwa lilibaki bila samaki hata mmoja kwa siku 76. Majirani waliniuliza kwa nini nalipia umeme wa kioo kitupu. Niliwaeleza kwamba yale maganda yana uvumilivu, mengine yamewahi kuonekana yakipasuka baada ya wiki nyingi sana, na mimi nilitaka kuyashinda kwa subira.

Mambo mawili ya hapa kwetu niyaseme kwa wanaoanza. Maji yetu ya bomba yana chumvi, lakini chumvi ile ni ya ardhini na haifanani na ya bahari, wala chumvi ya jikoni haiwezi kuchukua nafasi yake. Chuja maji kwanza mpaka chumvi hiyo ya ardhini iishe, ndipo uweke chumvi maalumu. La pili, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, na maji ya chumvi yenye joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Samaki mwenye kidonda anahitaji hewa zaidi, na formalini huipunguza oksijeni. Ongeza mpira wa hewa hata kama kitabu cha Ulaya hakikusema. Umeme ukikatika, betri ndogo ya pampu ya hewa itaokoa uhai kuliko chupa tano za dawa.

Si kila kidonda kinaomba dawa, hilo nalo nilijifunza. Mwezi wa Novemba kangaja alianza kuwa na vishimo kichwani, kando ya macho, vikishuka kwenye mstari wa ubavu. Nikakwangua, slaidi safi. Nikarudia baada ya siku tatu, safi. Ugonjwa huo wa mmomonyoko hujulikana kwa jamaa ya kangaja, na umehusishwa na upungufu wa lishe na vumbi la makaa ya kuchujia maji. Nilitoa yale makaa. Dada yangu akanitumia mwani mkavu kutoka pwani, nikawa naulowesha, nausuuza na kuufunga kwenye jiwe kila asubuhi, pamoja na matone ya vitamini. Ilichukua miezi mitano. Makovu mawili yamebaki juu ya jicho la kushoto, lakini vishimo vimejaa. Ningemwaga kapsuli, ningeambiwa kapsuli zimemponya, au zimemuua.

Vivyo hivyo vile vinundu kama ua la koliflawa kwenye ncha za mapezi. Vinasababishwa na kirusi, havina dawa, na maji yakiwa mazuri mara nyingi vinaondoka vyenyewe ndani ya wiki au miezi. Msivikate.

Kipo kidonda kimoja ambacho kinamhusu mwenye tangi kuliko samaki. Samaki akikonda, akatoka vidonda visivyopona, akafa, na ukimpasua ukakuta punje nyeupe kwenye figo na bandama, mfikirie Mycobacterium marinum. Huyu ni ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, na kwa rangi ile ile tuliyotumia kwa makohozi anaonekana fito nyekundu. Huingia kwa mtu kupitia mchubuko wa mkono na kuleta uvimbe usiopona kwa miezi. Tafadhali, ukiwa na uvimbe wa namna hiyo mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Anapenda joto la nyuzi kama 30, na maabara ikimwotesha kwa nyuzi 37 peke yake, kama tunavyowaotesha wengine, anaweza asionekane, na mgonjwa akaendelea kupakwa dawa za fangasi. Vaeni glavu. Mkono wenye jeraha usiingie kwenye tangi.

Ombi langu ni dogo. Kijana mmoja wa mifugo hapa mtaani alikuja kuiona ile slaidi. Aliamkia, akainama kwenye hadubini, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, mama, huyu ni rahisi kumwona kuliko wengi tunaowatafuta kwenye mbuzi. Akaniambia daftari la maabara yao halina hata safu ya samaki wa mapambo. Wizara ya mifugo na uvuvi iko hapa hapa, Mtumba. Madaktari wa mifugo wanasomeshwa Morogoro, safari fupi ya treni. Hadubini zipo. Naomba safu hiyo iongezwe, na naomba wenye maduka wawatenge samaki wapya angalau wiki nne kabla ya kuwauza. Kwenye kila chupa ya dawa waandike kilichomo ndani, badala ya picha ya samaki anayecheka.

Na ndugu yangu wa Kisasa, kama samaki wako bado wana madoa, mhariri ana namba yangu. Njoo asubuhi, kabla jua halijawa kali. Usimlete samaki, mimi nitakuja kwake. Wewe niletee kwanza maji ya tangi lako kwenye chupa safi isiyooshwa kwa sabuni, niyapime amonia kabla hatujamgusa.

Mstaafu wa maabara,
Ipagala, Dodoma